Obokote Haijibu

Keti kwanza, msomaji wangu. Mimi habari hii iliponifikia nilikuwa nimesimama, telefone mkononi, na ikabidi niushike mlango. Nitakueleza polepole, kama ninavyowaeleza wafanyakazi wapya kazini, na pasipoeleweka kosa ni langu. Habari yenyewe inahusu mambo mawili ambayo sikuwahi kudhani yangekutana: kifo cha baba yangu, na mtandao wa ndani wa kampuni ninayoifanyia kazi hapa Kindu. Aliyeyakutanisha ni mwanamke mmoja. Tangu utoto wangu watu wote walimwita Mama wa foni.

Mtandao wa ndani si kitu cha kutisha. Ni kurasa za kompyuta na telefone ambazo wafanyakazi wa kampuni peke yao wanaweza kuzifungua. Humo unakuta nani anafanya kazi wapi, barabara gani inapitika, lori gani limeharibika, likizo inaombwaje. Kampuni yetu ni ya uchukuzi. Ofisi kubwa iko mtaa wa Kasuku, karibu na soko, na depo zake, yaani maghala ya mizigo, zimetawanyika jimbo zima la Maniema, nyingine ndani kabisa ya msitu. Mimi ndiye ninayeutunza mtandao huo: kuupanga, kuurekebisha, na kuwabembeleza watu waufungue.

Kabla yangu kazi hiyo ilikuwa ya Mama wa foni, ingawa siku zile hakuna aliyeiita hivyo. Foni ilikuwa redio ya kuongea mbali. Kila depo ilikuwa na yake, na ya Kasuku ndiyo iliyokuwa mama yao. Mmoja akiongea, wote wanasikia. Akimaliza husema “kwako”, ndipo mwenzake anapata ruhusa ya kujibu. Miaka na miaka ya kazi hiyo ilikuwa imemwingia mwilini. Alikuwa akiongea na mtu aliyeketi naye meza moja kama vile mtu huyo yuko mbali, Kasongo, na mwisho wa maneno yake hukukosa kusikia “kwako!” Sokoni aliuliza bei ya samaki wa chumvi akamaliza na “kwako!” Kwenye matanga aliwapa pole wafiwa, “kwako!” Siku moja kanisani alisimamishwa aombe. Aliomba vizuri sana, akasema amina, kisha, kwa sauti ile ile ya Kasongo, “Kwako!” Mchungaji alijifuta uso kwa kitambaa muda mrefu ili tusimwone anacheka.

Alivaa kitenge kikiwa kimefungwa juu, na kila Jumapili alipaka rangi nyekundu kucha za mkono wa kulia tu, ule ulioshika kipaza sauti. Ukimwuliza kwa nini wa kushoto hakuupaka, alikuangalia kama mjinga.

“Wa kushoto unafanya kazi gani?”

Kila asubuhi aliziita depo kwa zamu, kuanzia za kaskazini hadi za kusini. Anayejibu alipaswa kutaja jina lake kwanza, kisha kueleza alichokiona mwenyewe asubuhi ile. Asubuhi ile, si jana. Neno “wanasema” alikuwa halipokei hata kidogo. Ukimwambia “wanasema mto umejaa”, alikujibu hewani, depo zote zikisikia, “Mie siko na kazi na wanasema. Wewe ulienda pa mto? Kwako.” Na mtu mzima, mwenye wake na watoto, aliacha foni akatembea hadi mtoni kuangalia.

Habari ya leo kwake ilikuwa na uhai wa siku moja. Jua likizama imekufa. Kesho lazima mtu aliyeko pale aiseme upya, na asiposema, Mama wa foni haitaji tena. Ndiyo maana madereva walimwamini kuliko walivyoiamini redio yoyote.

Mkubwa wa kampuni mwenyewe aliingia siku moja katika chumba cha foni, tai shingoni.

“Waambie watu wa Pangi daraja limetengenezwa.”

“Shefu, weye mwenyewe uliliona?”

“Nimeambiwa.”

“Basi ule aliyeliona akuje hapa aseme kwa kinywa chake. Mie sina macho ya kukopesha muntu.”

Mkubwa alitoka. Wafanyakazi waliokuwa barazani wakajifanya wanatafuta kitu chini.

Usidhani basi kwamba alikuwa mtu wa ukweli saa zote. Nyumbani kwake Alunguli, ng'ambo ya mto, njia moja na kwetu, hakuna mwanamke aliyesambaza uvumi kumshinda. Nani kaachika, nani kapata mimba, kuku wa nani amepotelea chungu cha nani: yote aliyatangaza bila ushahidi wowote, tena kwa sauti ya Kasongo. Mama yangu alimwuliza mara moja mbona huku hafuati sheria zake.

“Ile njo kazi,” akasema. “Hii njo kupumuzika.”

Vita vilipokuja, na vikaondoka, na vikarudi tena na majina mengine, foni iligeuka kuwa uzi mmoja tu uliobaki kati ya mji na msitu. Barabara zilikufa. Palifika wakati hata kwenda shamba la jirani ilikuwa kujitoa mhanga. Askari aliwekwa katika chumba cha foni asikilize kila neno. Asubuhi moja aliamuru depo zitangaziwe kwamba njia zote ni salama.

“Uliziona?” Mama wa foni akauliza.

Askari akaweka bunduki yake juu ya meza.

“Vizuri,” akasema Mama wa foni, akamsogezea kipaza sauti. “Sema weye. Bonyeza hapa. Wako wanakusikia, mupaka Lubutu.”

Kijana yule alikishika kile kipaza sauti, akabonyeza, akasema “Halo.” Jasho likamtoka. Mtu ambaye njiani kila mmoja alimkimbia aliishiwa na maneno mbele ya chombo kidogo kama embe. Akakirudisha mezani taratibu, na habari ya njia salama ikaishia hapo.

Depo isiyojibu alikuwa na desturi yake nayo. Aliita mara moja, akaachia nafasi. Ukiwa nje ya dirisha ulisikia ule mchakacho wa redio peke yake, kama mvua juu ya mabati. Akaita tena, akaachia nafasi ndefu zaidi. Ndipo alipotamka, bila kuongeza wala kupunguza: “Kabambare haijibu.” Kisha akaita inayofuata. Hakusema wamekufa, hakusema wamekimbia, hakusema mashine imeharibika. Haijibu. Na kesho yake aliiita tena kana kwamba hajawahi kukatishwa tamaa.

Sasa nikuambie tulikuwa tunatafuta nini dirishani.

Baba yangu alikuwa mtunza ghala, magazinie, katika depo ya Obokote. Vita vilipotutenganisha naye, mama alinishika mkono kila juma, tukavuka mto kwa mtumbwi kutoka Alunguli, tukapanda hadi ofisini. Palikuwa na familia nyingine, kila moja ikisubiri jina la depo yake. Kipindi cha foni kikiisha, Mama wa foni alifungua kioo cha dirisha na kuwagawia watu salamu zao. Mimi nilikaa chini, penye magunia matupu, nikisoma maandishi yaliyochapwa juu yake.

“Magazinie wa Obokote,” alikuwa akisema, akimtazama mama. “Iko muzima. Anakusalimia. Kwako.”

Mama alijibu, “Mwambie na sisi tuko wazima,” na njia nzima ya kurudi alitembea kama mtu aliyekula.

Salamu zile zilituongoza. Mama alipotaka kukimbilia kwa ndugu zake, ikaja salamu: baba anasema msitoke, njia ni mbaya. Tukabaki, na waliotoka juma lile wengi hatukuwaona tena. Mama alipotaka nikae nyumbani nimsaidie kuuza sombe, majani ya muhogo, ikaja nyingine: baba anasema mutoto aendelee na masomo, hata kama kinga yake itauzwa. Kinga ni baiskeli. Ile ya baba ilikuwa imening'inizwa ukutani, imefungwa kitambaa, hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mama alilia, akagomba, akaiuza. Nikabaki shuleni.

Kwa miaka yote iliyofuata, kila mama alipobeba mzigo kichwani kutoka sokoni, alimgombeza baba hewani: “Umesema kinga iuzwe bila kuniuliza mimi kwanza! Njo mwanaume gani weye?” Tulicheka. Ilikuwa namna yake ya kukaa naye.

Salamu zilikoma vita vilipopoa. Mtu kutoka kule alipita akasema depo iliungua na magazinie hayupo duniani. Tukaelewa kwamba baba alikufa mwishoni mwa vita, baada ya salamu ya mwisho. Tukaweka mwezi wa kumwombea. Kila mwaka tulipika, watu wakaja, na Mama wa foni alikuja pia. Aliketi karibu na mlango. Ilikuwa siku pekee katika mwaka ambayo hakumaliza maneno yake kwa “kwako”. Nililiona hilo tangu zamani. Nilidhani ni heshima.

Simu za mkononi zilipoenea, foni ilizimwa na yeye akarudi nyumbani kukaanga mandazi. Mimi nilimaliza masomo, nikajifunza kompyuta, kampuni ikaniajiri. Siku niliyompelekea habari hiyo alinitazama hadi nikaona haya. Akaangalia mkono wangu wa kulia.

“Paka rangi,” akasema.

Mtandao wa ndani nilioupokea ulikuwa makaburi. Kurasa ziliandikwa siku ulipofunguliwa, kisha zikaachwa. Mkubwa wa depo aliyehama miaka mingi nyuma bado alikuwa na picha yake pale, anatabasamu. Kivuko kilichosombwa na maji bado kilikuwa “kinafanya kazi”. Watu hawakuufungua, na walikuwa na haki. Nilifuta, nikapanga upya, nikawafundisha mmoja mmoja, na kidogo kidogo wakaanza kuja. Programu mpya ambayo wakubwa walituletea ilikuwa na kitu kilichowafurahisha wote: kila mfanyakazi ana picha yake, na kando ya picha kuna taa ndogo ya kijani. Ikiwaka, yupo kazini. Madereva walioko mbali walisema wakiona taa za wenzao wanajisikia hawako peke yao msituni. Wake zao waliokuwa ofisini walizichungulia kila dakika. Mama yangu nilimwonyesha, akasema, “Ingekuwako zamani zetu.”

Kisha dereva wetu mmoja, mrefu, mwenye mizaha, akaugua ghafla na kufa. Tulimzika. Siku tuliyorudi kazini mke wake, ambaye yuko idara ya hesabu, alifungua ukurasa wa mwanzo kama kawaida. Picha ya mume wake ilikuwa juu kabisa. Kando yake, taa ya kijani.

Hakupiga kelele. Aliinuka, akaja hadi mezani kwangu na telefone yake mkononi, akaniwekea mbele.

“Dada, wanasema yuko kazini. Sasa sisi tulizika nani?”

Ofisi nzima ilikuwa imesimama. Baadaye nilielewa: telefone ya marehemu ilikuwa kwa mdogo wake, haijazimwa, na programu inahesabu telefone, haihesabu mtu. Lakini ukweli huo ungemsaidia nini yule mjane? Niliizima taa ile moja kwa mkono wangu. Zilizobaki nikaogopa hata kuziangalia.

Jioni hiyo, jua bado lipo, nilivuka kwenda Alunguli, nikapita kwa Mama wa foni. Nilitaka aniambie mtandao unatunzwaje, kwa sababu wakati wake hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba foni ilidanganya. Alikuwa ameketi ndani, karibu na mlango, anachambua mchele. Macho yake yalikuwa yamefifia. Nilibaki nimesimama kizingitini, nikamwonyesha picha ya ukurasa niliyokuwa nimeihifadhi kabla ya kuzima.

“Huyu njo nani?”

“Dereva wetu, Mama. Yule mrefu.”

“Ule tulimuzika?”

“Ndiyo.”

“Na hii taa?”

“Inasema yuko kazini.”

Aliisogeza telefone karibu na jicho.

“Nani alimuona leo?”

“Hakuna, Mama. Ni mashini inasema yenyewe.”

Aliipapasa taa ile kwa kidole cha mkono wa kulia, ule wa rangi, ingawa rangi ilikuwa imebaki vipande tu. Akanirudishia telefone.

“Mie pia nilikuwa mashini ya namna hii,” akasema.

Sikumwelewa. Nilidhani ni uzee.

“Baba yako,” akasema. “Foni ya Obokote iliita mara ya mwisho mwanzo wa vita, mwanzo kabisa. Haikuwa sauti yake. Ilikuwa ya musaidizi wake. Alisema: magazinie walimuua pa depo, sisi tunaingia porini. Hakusema hata ‘kwako’. Njo kimya kikaanza.”

Hapo ndipo nilipoushika mlango.

“Mama yako akakuja pa dirisha. Nilikuwa nimepanga maneno, nilikuwa nayo mudomoni. Akatangulia kuniuliza: ananisalimia? Nikasema anakusalimia. Ile ya kwanza ilinitoka tu, mutoto wangu. Zingine nilizitafuta.”

“Tusitoke?”

“Niliitafuta.”

“Nisome?”

“Ulikuwa unakaa pale chini, unasoma magunia. Watoto wengine walikuwa wanayakalia.”

“Na kinga?”

Alifunga macho. “Ile pia.”

Kila asubuhi, akaniambia, aliita Obokote hewani, akaachia nafasi, akasema Obokote haijibu, kwa sauti ndogo isiyovuka kioo cha dirisha. Kisha alifungua dirisha na kutupatia salamu za mtu ambaye dakika chache kabla hakuwa amejibu. Alitaka kuacha. Kila juma alisema juma lijalo. Ilipokuja habari kwamba depo imeungua, alishukuru Mungu, na tangu siku ile hakumsamehe Mungu wala yeye mwenyewe kwa shukrani hiyo.

Alimaliza. Aliniangalia mahali alipodhani uso wangu upo.

“Kwako,” akasema.

Msomaji wangu, nilikuwa na maneno ya kila namna. Nilitaka kumpiga, nilitaka kumkumbatia. Mtu aliyeniweka shuleni hakuwa baba yangu. Mtu aliyetuzuia tusiuawe njiani hakuwa baba yangu. Baba yangu alikuwa amelala chini Obokote, na sisi tukimtumia salamu kwamba tuko wazima.

Alisubiri. Aliachia nafasi ile ile ndefu niliyoijua tangu utoto, nafasi ya mchakacho wa redio. Akasema tena, “Kwako.” Akasubiri tena. Kisha, taratibu, kama anayeandika asichotaka kuandika, akasema:

“Alunguli haijibu.”

Akarudi kwenye mchele wake.

Nilimwambia mama yangu kabla chakula hakijaiva, kwa sababu nilijua nikila naye bila kusema nitakuwa nimefungua dirisha lile lile. Alisikiliza ameshika mwiko. Aliuliza kitu kimoja kwanza: ulikuwa mwezi gani? Nikamwambia: mwanzo kabisa wa vita. Akahesabu kichwani, akaona tumekuwa tukimwombea katika mwezi usio wake. Kisha uso wake ukabadilika kabisa.

“Kwa hiyo kinga,” akasema, “si yeye aliyesema iuzwe?”

“Hapana, Mama.”

“Miaka yote hii nimemugombeza.” Aliuweka mwiko chini. “Miaka yote, na hakusema kitu!”

Asubuhi iliyofuata alivaa kitenge cha kutokea, akaenda kwa Mama wa foni. Mlango ulikuwa wazi, hakuingia. Alizunguka nyumba akasimama nje ya dirisha, mikono pamoja mbele, kama alivyosimama zamani, akagonga ubao.

“Magazinie wa Obokote,” akasema. “Nimekuja kuuliza habari zake.”

Mimi nilibaki njiani. Pikipiki zilipita, watu wakanisalimu. Sauti ya ndani ilikuwa ndogo, si ya Kasongo tena, na maneno yake sikuyapata. Yalikuwa mengi. Mara mbili nilimwona mama akiegemea ukuta. Mwisho nilisikia neno moja tu likitoka kwenye lile dirisha, “Kwako.” Pakawa na nafasi, ndefu, nikadhani ndiyo ile inayoishia kwa “haijibu”.

Mama akajibu.

Alichojibu hajaniambia, nami simwulizi. Nilichojua kufanya ni kazi yangu. Nilikwenda Kasuku, nikaziondoa taa zote za kijani. Madereva walilalamika, wakaniita mwenye roho ngumu. Niliwaeleza mmoja mmoja, na sasa wanapigiana simu wenyewe. Chini ya kila ukurasa niliweka mstari mmoja: jina la aliyeiona habari hii kwa macho yake, na siku aliyoiona. Kurasa zilizokosa jina nilizishusha. Mtandao wetu umekuwa mdogo, na watu wanaufungua.

Nawe, kesho ukifika kazini, usianze na kurasa zote, utachoka. Chagua moja tu. Tafuta mtu aliyeko mahali panapotajwa, mpigie, umwulize anaona nini sasa hivi. Andika jina lake na siku. Asipopokea, ngoja, mpigie tena. Asipopokea na mara hiyo, usiandike kwamba yupo wala kwamba hayupo. Andika: hajibu.